Tabasamu si Huduma

Katika maduka mengi ya Kampala siku hizi utapokewa vizuri. Muuzaji amevaa fulana yenye jina la duka, anakukaribisha kwa bashasha, anakuita bosi au kasitoma, na ukutani kuna bango linalosema kwamba mteja ni mfalme. Yote hayo ni mema. Lakini muulize swali moja tu kuhusu kitu anachokuuzia: kinafaa kazi gani, kinadumu muda gani, kinatofautiana vipi na kile kilicho kando yake rafuni. Hapo bashasha huisha. Atakusomea kibandiko kwa sauti, kana kwamba wewe hukwenda shule, kisha atakutajia bei.

Hoja yangu ni moja nami sitaizungusha. Huduma kwa mteja ni ujuzi wa bidhaa. Duka ambalo ndani yake hakuna mtu anayeijua bidhaa si duka, ni ghala ambalo mlango wake umeachwa wazi. Maduka ya namna hiyo yanazidi kuongezeka katika miji yetu, na yale yaliyobobea katika kitu kimoja, yaani duka la mbegu, la vifaa vya ujenzi, la vitambaa, la vitabu, yanafungwa au yanabaki na jina tu. Wenzangu wengi hudhani malalamiko haya ni ya watu wenye nafasi, waliozoea kubembelezwa. Mimi nasema ni suala la chakula na paa juu ya kichwa, na anayeumia zaidi ni maskini.

Nianze na saruji. Mwaka jana nilimsindikiza mjomba wangu kununua saruji ya nguzo za nyumba yake. Dukani kulikuwa na mifuko ya aina mbili, mmoja umeandikwa 32.5 na mwingine 42.5. Mjomba akauliza, "Binti yangu, hizi zinatofautianaje?" Binti akajibu kwa heshima zote, "Hii ni ya bei ya chini, mzee, na ile ni ya bei ya juu." Mjomba alitaka kuchukua ya bei ya chini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye fedha za kuhesabu angefanya. Aliyemzuia ni fundi mmoja aliyekuwa akisubiri misumari. Namba zile zinaeleza nguvu ambayo saruji huifikia baada ya siku 28. Ya 32.5 inatosha kujengea matofali na kupiga plasta. Zege la nguzo na mihimili linataka ya 42.5. Yule binti hakuwa mjeuri wala mvivu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Chukua mabati. Bati huuzwa kwa geji, na geji huwababaisha watu kwa sababu namba ikipanda unene unashuka. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Mwanakijiji aliyeuza ng'ombe ili aezeke nyumba atadhani kwamba 32 ni bora kuliko 28, kwa kuwa maishani mwake kote thelathini na mbili imekuwa nyingi kuliko ishirini na nane. Muuzaji anayejua kazi yake humwambia hilo kabla hajaulizwa. Muuzaji asiyejua humwuzia, humshukuru na kumtakia safari njema. Mvua ya mawe ndiyo itakayomfundisha yule mzee maana ya geji.

Lakini mfano unaoniuma zaidi ni duka la pembejeo. Kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyetoka Amerika, aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na muda si muda akawa katika mashamba ya mahindi ya Afrika Mashariki. Wakulima wakakimbilia madukani kutafuta dawa. Sasa mdudu huyu ana tabia zake. Akiwa mdogo hukaa juu ya majani na kuyatoboa vitundu. Akikua huingia ndani ya moyo wa mmea, akauziba kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa msumeno, na dawa inayopuliziwa juu juu haimfikii tena. Kwa hiyo muuzaji mjuzi haanzi na chupa, anaanza na maswali. Mahindi yako yana wiki ngapi? Umeona vitundu au umeona unga? Umepuliza nini mwezi uliopita? Kisha atakwambia upulize asubuhi mapema au jioni, uelekeze dawa kwenye moyo wa mmea, na usirudie dawa ya aina ileile kila mara, mdudu asije akaizoea. Na pengine atakwambia maneno ambayo duka la siku hizi haliwezi kuyatamka: usinunue, umechelewa, utapoteza fedha zako.

Mbegu nazo ni hivyo hivyo. Longe 5 na Longe 10H zote ni mbegu za mahindi za hapa Uganda, na zinaweza kupangwa rafu moja. Longe 5 si chotara, hivyo mkulima akichagua magunzi mazuri anaweza kutunza mbegu na kuipanda tena. Longe 10H ni chotara. Ukiipanda ukavuna, kisha ukapanda tena mavuno yale, shamba la pili halitafanana na la kwanza. Mama mjane anayetaka kuotesha bila kurudi dukani kila msimu anahitaji kuambiwa jambo hilo moja, na kulisema hakuchukui hata dakika. Asipoambiwa, atalaumu udongo na mvua, au atasema amerogwa.

Angalieni kinachorudiwa katika mifano hii. Namba au jina lililo juu ya bidhaa lina maana, na muuzaji anaona bei tu. Sisi wa Uganda tuna historia ya jambo hilo. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka yao yakagawiwa kwa wanajeshi na marafiki wa serikali, watu ambao wananchi waliwabandika jina la "mafuta mingi". (Walimu wa sarufi watusamehe. Upatanisho ungetaka "mafuta mengi", lakini jina limekaa hivyo na haling'oki.) Kisa kimoja kinasimuliwa mpaka leo: mwenye duka mpya, akiuliziwa bei ya shati, alitazama namba ya kola na kuitaja kama bei. Watu hucheka wakikisimulia. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya yule aliyedhani kipimo cha kola ni bei na huyu wa leo anayedhani kwamba tofauti ya 32.5 na 42.5 ni bei. Yule wa 1972 walau alikuwa na udhuru, kwani duka aliokota.

Nisieleweke kuwa ninaililia enzi ile. Maduka ya zamani yalikuwa na ubaguzi wake. Serikali ya kikoloni iliyapanga makabila na rangi katika ngazi za biashara, Mwafrika akawekwa chini, na mgomo wa mwaka 1959 wa kutonunua katika maduka ya Waasia huko Buganda haukutokea bure. Ujuzi wa bidhaa ulikuwepo, ila ulifungiwa ndani ya familia. Baba alimfundisha mwana na mjomba akamfundisha mpwa, na Mwafrika aliyefagia duka miaka kumi alibaki mfagiaji. Kwa hiyo wenye ujuzi walipofukuzwa, ujuzi ulipanda nao ndege. Funzo la 1972 kwangu ni kwamba ujuzi usiofundishwa kwa wengine hupotea siku mwenyewe anapoondoka. Nasi leo tumeshindwa hata kufikia pale, maana siku hizi haufundishwi hata ndani ya familia.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni ujira. Muuzaji huajiriwa kwa mshahara usiotosha nauli na chakula cha mchana, akidumu sana ni miezi minne, halafu anaondoka au anaondolewa. Hakuna anayejifunza mbao, nyuzi au mbegu kwa miezi minne. Mwenye duka naye huwa na maduka mengine matatu na hashindi kwenye kaunta. Anafuatilia mauzo kwa simu, na anachokifuatilia ni kama fedha zinalingana na risiti.

Sababu ya pili ni bidhaa zenyewe. Zamani mwenye duka aliuza chapa ileile ya msumeno miaka ishirini, akawa anaijua kama mtoto wake. Sasa kila kontena linakuja na majina mapya. Bidhaa iliyokuwepo Januari haipo Juni, na hata muuzaji mwenye nia njema hana muda wa kusikia kutoka kwa wateja kama ilifaa au ilivunjika. Ujuzi wa duka hujengwa na mteja anayerudi kusema. Bidhaa isiyorudi madukani haimrudishi mteja.

Sababu ya tatu ni kodi ya pango. Katika majengo ya maduka ya katikati ya mji, chumba kimoja hukatwa vipande vitatu, na kila kipande lazima kilipe. Ndipo unapokuta duka linalouza vifuniko vya simu, nepi za watoto na dawa ya panya kwa pamoja. Hakuna akili ya binadamu inayoweza kubobea katika vitu hivyo vitatu kwa mpigo.

Nimeshajadiliana na wenzangu kuhusu haya, nami nazijua hoja zao. Wa kwanza husema: mwananchi anataka bei nafuu, ujuzi ni anasa. Jibu langu ni methali ambayo sote tuliikariri sekondari: rahisi inavunja upishi. Tajiri akinunua saruji isiyofaa atabomoa na kujenga upya. Mjomba wangu hana mara ya pili. Anayeweza kumudu kukosea ndiye anayeweza kumudu duka lisilojua kitu. Maskini ndiye hasa anayehitaji muuzaji wa kumwambia kweli kabla hajatoa noti mfukoni.

Wa pili husema: tulipata supamaketi, na kila kitu kimeandikwa kwenye pakiti. Ni kweli tulizipata. Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda mwaka 2015, Nakumatt ikafuata mwaka 2017, na Shoprite ikaondoka mwaka 2021. Duka kubwa huja likiwa na hesabu zake, na hesabu zikikataa huenda zake. Sisemi waliofanya kazi humo walikuwa wabaya. Nasema tusikabidhi kumbukumbu ya mtaa mzima kwa mgeni ambaye sanduku lake halijafunguliwa. Na kuhusu maandishi ya kwenye pakiti, yamsaidie nini bibi ambaye hasomi Kiingereza?

Wa tatu, ambao ndio wengi katika mabweni yetu, husema: simu inajua kila kitu, muuzaji wa nini? Hoja hii ina nguvu, nami naiheshimu. Simu inajua mengi kuliko muuzaji yeyote. Lakini simu hujibu swali uliloliuliza, na mteja wa kawaida huja dukani na swali lisilo sahihi. Mkulima huuliza "dawa kali ya viwavi ni ipi?" na simu itamletea orodha ya dawa kali. Muuzaji mjuzi atamwambia kwamba tatizo lake si ukali wa dawa, ni saa anayopulizia. Mjomba angeandika "saruji ya bei nafuu" na angeipata. Thamani ya muuzaji ni kule kulisahihisha swali kabla ya kulijibu, na hilo linahitaji mtu anayekutazama usoni, anayeujua udongo wa kwenu, na ambaye kesho utamkuta palepale ukiwa na lawama zako.

Ujuzi huu haujafa kila mahali, nao unaishi pale ambapo wasomi huwa hatuelekezi macho. Nenda eneo la Kisekka, kwa wauza vipuri vya magari. Kijana asiyemaliza darasa la saba atapokea kipuri kilichochakaa, atakigeuza mkononi mara mbili, atakutajia gari lilikotoka, kisha atakuuliza kama usukani unavuta upande mmoja. Nenda Katwe kwa wafua vyuma, au barabara ya Nasser kwa wapiga chapa. Watu hao hawana bango la mfalme ukutani, na pengine watakujibu kwa ukali. Lakini wamefunzwa. Kila mmoja alikaa miaka chini ya mkubwa wake, akabeba spana, akatukanwa, akajua. Uanagenzi ndio unaouhifadhi ujuzi, na maduka yetu ya kisasa yameutupa uanagenzi yakabakiza fulana.

Tena kuna ushahidi kwamba ujuzi wa kaunta unaweza kurudishwa kwa makusudi. Tanzania ilikuwa na maduka mengi ya dawa baridi ambayo wauzaji wake hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Wenye maduka na wauzaji wakapewa mafunzo, maduka yakawekewa masharti, yakakaguliwa, na yaliyofuzu yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa ambazo duka la dawa baridi halikuruhusiwa. Mpango ukaenea mikoa mingine, na hapa Uganda tukauiga kwa kuanzia wilaya ya Kibaale. Hawakusubiri kila kijiji kipate mfamasia. Walimchukua muuzaji aliyekuwepo wakamfundisha. Kama inawezekana kwa dawa za binadamu, ambazo kosa lake ni kaburi, kwa nini ishindikane kwa mbegu, viuatilifu, saruji na mabati?

Basi nataka mambo mawili. Kwanza, mtu anayeuza viuatilifu, mbegu au vifaa vya kubeba uzito wa nyumba awe amefunzwa bidhaa hizo, na cheti chake kionekane kwenye kaunta, si kile cha mwenye duka anayeishi mji mwingine. Pili, wenye maduka waache kuhesabu mafunzo kama hasara. Muuzaji aliyekaa miaka mitano na anayejua ni mali kuliko rafu nzima ya bidhaa, kwa sababu ndiye anayewafanya watu wapite maduka manne kumfuata yeye.

Lakini sisi wasomaji wa kitabu hiki hatutoki salama. Ni sisi tunaomtesa muuzaji mjuzi kwa maswali nusu saa, akatueleza kila kitu bila choyo, kisha tukavuka barabara kununua kitu kilekile kwa bei pungufu ya shilingi elfu mbili. Tunaiba maarifa yake, halafu siku akifunga duka tunasikitika. Ni sisi tunaomcheka mhitimu aliyefungua duka: "Umesoma miaka yote hiyo ukauze misumari?" Hatumwulizi kama anaijua misumari. Na vyuo vyetu hufundisha masoko, matangazo na usimamizi wa biashara, lakini ni wapi mwanafunzi anafundishwa bidhaa yenyewe? Tunazalisha wataalamu wa kuuza wasiojua wanachokiuza, kisha tunashangaa mabango yakizidi na majibu yakipungua.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna deni la ziada. Tunakariri orodha za istilahi darasani: bawaba, komeo, parafujo, timazi, randa, tindo. Maneno hayo hayakuzaliwa katika kamusi. Yalizaliwa na kukulia mikononi mwa mafundi na midomoni mwa wauzaji, wakati mtu alipoingia dukani akitaka kitu mahususi na kumkuta mtu anayekijua kwa jina. Duka ambalo kila kitu ndani yake kinaitwa "hicho kidude" au "ile ya bei ya chini" linaua maneno pamoja na ujuzi. Wahadhiri wetu wanaotuma wanafunzi kukusanya msamiati vijijini wangefanya vyema kuwatuma pia kwenye maduka machache ya kale yaliyobaki, kabla hayajageuzwa kuwa vibanda vya vifuniko vya simu.

Wengi wetu tutamaliza masomo na tutasimama nyuma ya kaunta ya aina fulani, iwe ya duka, ya benki, ya ofisi ya wilaya au ya shule. Siku hiyo atakuja mzee, ataonyesha vitu viwili vinavyofanana, na atauliza vinatofautianaje. Tukiwa na tabasamu tu la kumpa, tutakuwa tumemfukuza kwa adabu.